Mabawa ya Kila Jumatano

Mlionisoma wiki jana mliniacha nimesimama mezani kwa mwanangu, karatasi ya benki mkononi, miwani imenishukia puani, na ulimi unaniwasha.

Kwa uliyechelewa kuingia, mimi ni mjane, fundi cherehani mstaafu wa hospitali. Miaka thelathini na mmoja nilishona mashuka na nguo za wagonjwa katika chumba cha chini, ukuta mmoja na chumba cha dobi. Mume akafa, mchwa wakaila nyumba mpaka fremu za milango, magoti yakagoma. Nikahamia kwa mwanangu wa pekee na mkewe.

Pensheni yangu huingia benki. Niliomba taarifa ya akaunti kwa ajili ya uhakiki wa wastaafu tu, sikuwa na shaka na mtu. Nikakuta jina refu la kampuni nisiyoijua limenikata hela mara kumi na moja.

Karani wa benki ndiye aliyenifumbua macho. "Bibi, hili ni jina la kampuni yenye mkahawa, kwenye kibao hulioni. Hapa wameandika tawi la nne, ndilo lile lenye dirisha jekundu, mkabala na stendi. Wanauza kuku wa kukaanga, unaagiza dirishani na kupewa papo hapo."

Kuku wa kukaanga. Mimi, mwenye meno tisa.

Basi nikaiweka karatasi mezani, kati ya birika na kopo la sukari.

"Nani kati yenu anakula kuku kwa pensheni yangu?"

Mwanangu ni fundi wa lifti. Mtu wa nyaya, hana haraka. Akaichukua karatasi, akaipitia mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Alipofika chini hakuniangalia mimi. Alimwangalia mkewe.

"Mbona unaniangalia?" mkamwana akauliza.

"Nani anayekwenda na Mama benki?"

"Mimi. Naenda naye, namshikia mkoba, nasimama nyuma ya mstari wa njano. Namba anabonyeza mwenyewe, tena kajifunika mtandio kama anayeiba mboga jikoni. Mama, mwambie. Nimewahi kuiona namba yako?"

Hajawahi. Nilijua hivyo palepale niliposimama, na sikusema.

"Na hiyo harufu ya mafuta kwenye nguo zako?" mwanangu akasema.

"Mimi msusi. Ni mafuta ya nywele."

"Mafuta ya nywele hayanuki kuku."

"Wewe ndiye mwenye pua ya kujua kuku ananukaje."

Kidogo nicheke. Mkamwana wangu ana mdomo, na mdomo wake ndio ulionifanya nimpende siku ya kwanza. Lakini hela iliyoliwa ilikuwa inanikereketa kooni kama mwiba wa samaki, na mwanangu akanigeukia kwa sauti ya upole, "Mama, hili niachie. Nitamalizana naye mwenyewe."

Hapo ndipo penye dhambi yangu, nami naiandika kama ilivyo. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Asiye na mtoto wa kumlisha hujilisha mwenyewe."

Mkamwana akaweka kikombe chini. Hakukipigiza, alikiweka taratibu, akakigeuza kishikio chake kielekee ukutani.

"Miaka sita nimengoja ulitoe hilo, Mama. Nilijua liko. Sikujua litatoka kwa sababu ya kuku."

Akaingia chumbani. Akatoka na begi dogo la nguo na lile sanduku lake la vitana. Mlangoni akanipa mkono, akaniambia shikamoo badala ya kwaheri, akaenda kwa dada yake.

Mwanangu hakumsindikiza hata hatua moja. "Mwache akatulie," akasema. Kisha akavuta sahani ya mkewe, akala na fungu lake.

Nilimtazama akitafuna, nikaisogeza sahani yangu mbali. Sikujua kwa nini. Nikasingizia nyongo.

Kesho yake akaja Pindo. Pindo alikaa mashine ya pili, mimi ya kwanza, miaka yote ile. Tulimwita hivyo kwa sababu pindo la shuka lililokunjwa na yeye ungeweza kulipimia rula. Nikamweleza mkasa wote, nikitegemea anipe pole.

"Umemfukuza mtoto wa watu kwa karatasi?" akauliza.

"Sikumfukuza. Ameondoka."

"Haya. Na moshi nao huondoka wenyewe. Huko kwenye kuku umekwenda?"

"Nikafanye nini huko?"

"Ukaulize, mwenzangu. Shuka likipotea wodini tulikuwa tunamkamata nesi wa kwanza kupita? Tulikuwa tunafungua daftari."

Jumatatu tukaenda, wazee wawili na fimbo moja.

Nisikuchoshe na mahali penyewe, ila sakafu ile ilinata. Kila hatua kiatu kinabanduka kwa mlio, kama plasta inayotolewa kwenye kidonda. Mafuta yamekaangiwa mpaka yamekuwa na rangi ya chai ya jana. Meza iliyo karibu nasi mtu alikuwa ameondoka akaacha mifupa imerundikwa juu ya mchuzi mwekundu, na nzi mmoja anatembea juu yake kwa starehe zake, hana wasiwasi wa mtu. Nikafunika pua kwa mtandio. Baadaye nikagundua harufu imeshaingia kwenye mtandio.

Msimamizi alikuwa binti wa umri wa kuwa mjukuu wangu, kofia ya karatasi kichwani.

"Bibi, mambo ya mteja hatuyaonyeshi."

"Mteja ni mimi. Hela yangu, kadi yangu, jina langu. Kilichobaki ni mdomo tu ndio haukuwa wangu."

Akacheka kidogo. Akaomba kadi, akalinganisha namba nne za mwisho na zile za kwenye mashine yake, akaniomba na kitambulisho. Kisha akatoa nakala ya risiti moja. Ikatoka karatasi nyembamba ndefu, moto moto.

"Kiboksi kikubwa cha mabawa ya pilipili," akasoma. "Soda moja. Na seti ya mtoto. Vipaja viwili, chipsi kidogo, juisi na mdoli."

"Seti ya nini?"

"Ya mtoto, bibi. Na hii nyingine ni vilevile. Na hii." Akaendelea kubonyeza. "Zote kumi na moja ni hivyohivyo. Mabawa na seti ya mtoto."

Pindo akanitazama. Mimi nikatazama meza yenye nzi.

"Siku gani hizo?" Pindo akauliza. "Kwenye karatasi ya benki tuna tarehe tu."

Binti akanyanyua macho kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole. "Jumatano. Zote Jumatano. Saa saba na ushei mchana."

Msomaji wangu, niliomba kiti. Kiti nacho kilikuwa kinanata, nikakikalia hivyohivyo.

Kila Jumatano saa saba mchana mimi huwa nimelala kwenye kitanda cha kliniki, nafanyishwa mazoezi ya magoti. Mtaalamu anahesabu, mguu unapanda, mguu unashuka. Na anayenishika kisigino tangu mwanzo mpaka mwisho, mwezi wa tatu huu, hajakosa hata siku moja, ni mkamwana wangu. Hufunga saluni yake ya viti viwili, akapoteza wateja wa mchana mzima, akaja kunishika kisigino.

"Basi kadi huwa iko wapi siku hiyo?" Pindo akaniuliza.

"Nyumbani. Kliniki kuna vibaka kwenye foleni. Naacha kipochi kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba changu."

"Na namba ya siri, nani anaijua?"

"Hakuna. Iko hapa tu." Nikamwonyesha kipochi changu cha kitambaa, nilichokishona kwa kipande cha shuka la kijani.

Pindo hakuhitaji miwani. Akapitisha kidole gumba kwenye pindo la ndani, macho kafumba, akasoma kama anayehesabu tasbihi. "Mbili. Saba. Moja. Tano."

Nieleze hapo. Katika chumba chetu kila shuka liliwekwa alama pindoni kwa nukta za uzi mwekundu. Wodi ya tatu nukta tatu, wodi ya saba nukta saba, ili likitoka kwa dobi lirudi kwao. Mimi sina kichwa cha namba, basi ya kadi nikaishona vilevile. Nani atajua kuwa zile ni hesabu? Mwizi ataona urembo.

"Wewe mwanamke," Pindo akasema, "umefunga mlango kwa kufuli halafu ufunguo ukautundika kwenye kitasa."

"Ni alama zetu. Wa chumba kile wote wamekwenda mbele ya haki. Tumebaki mimi na wewe."

Akanirudishia kipochi. Nami, Mungu anisamehe, nikamtazama vidole.

"Usinikodolee," akasema. "Mafuta mimi yalinikataa tangu nipasuliwe nyongo, na cheti cha daktari ninacho. Hebu kumbuka vizuri. Chumbani tulikuwa watu wangapi?"

"Sita."

"Na chini ya meza ya kukatia?"

Nikakifumba kipochi mkononi.

Chini ya meza ya kukatia kulikuwa na mkeka mdogo, na juu ya mkeka mwanangu. Sikuwa na wa kumwachia. Alinyonyea pale, akatambaa pale. Kabla hajajua herufi moja alikuwa anatupangia mashuka kwa wodi, anagusa nukta kwa kidole na kuhesabu kwa sauti, na sisi wanawake sita tunampigia makofi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuisoma siri yangu, miaka arobaini kabla sijawa na siri.

Msimamizi, asiyejua lolote, akaona anisaidie. "Ni baba mmoja hivi, nguo za kazi za bluu, bisibisi mfuko wa mbele. Mpole sana. Humpangusa mtoto mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole."

Nikatoka nje nikatema mate kwenye mtaro. Nikatema tena. Pindo akanishika mgongo, akasema twende tukapande gari turudi. Nikamwambia twende, lakini Jumatano nitarudi hapa mwenyewe.

Jumatano sikwenda kliniki. Kipochi nilikiacha palepale msumarini, na kadi yake ndani. Kufika saa sita u nusu nilikuwa nimeshakaa ndani kwenye kona, mgongo ukutani, kikombe cha maji mbele yangu.

Wakaingia saa saba na robo.

Aliagiza bila kuangalia ubao. Akatoa kadi yangu mfuko wa kifua, akabonyeza namba yangu kama anayebonyeza ghorofa ya lifti. Kwenye mkono wa pili alikuwa na mtoto wa kike, wa miaka minne hivi, viatu vya mikanda, paji la uso limejitokeza mbele kama la marehemu mume wangu. Sikuhitaji kuambiwa. Paji lile nimelipangusa jasho mpaka siku ya mwisho.

Wakageuka na sinia kutafuta meza. Akaniona.

Nilitegemea akimbie. Akaja, akaliweka sinia mezani kwangu, akamkalisha mtoto, akakaa. Mabawa yalikuwa yanang'aa mafuta na bado yanatoa mvuke.

"Mama, usipige kelele," akasema.

"Nimepiga?"

"Mtoto hajui kitu."

"Nawe ulipokuwa chini ya meza ulikuwa hujui kitu. Umejua lini kuniibia?"

Akachukua bawa. Naapa, akachukua bawa, akalivunja. "Sikuiba. Hela yako imelala, huitumii. Mshahara wangu mke wangu ndiye anaupangia, kila senti ana swali nayo. Yako haina wa kuiuliza."

"Mimi je?"

"Wewe ulikuwa huulizi."

Mchuzi ulikuwa unamchuruzika kwenye kifundo cha mkono. Akaulamba. Nilimzaa mtu huyu, nikamwogesha, na wakati ule sikutaka kiwiko chake kiguse changu.

"Mama yake huyu yuko wapi?"

"Kazini. Nakaa naye mchana wa Jumatano, basi. Muda mwingine sina."

"Na mkeo? Umekaa mezani ukamwangalia akisingiziwa. Ukanusa na nguo zake."

"Mimi sikumfukuza." Akainua macho, na macho yalikuwa makavu. "Lile neno la mtoto ulilitamka wewe, Mama. Mimi sikulitamka. Yeye kaondoka kwa sababu ya neno lako."

Ukweli ukitoka kwenye mdomo wenye mafuta namna ile, unaumeza na mafuta yake. Nikainamia kikombe changu cha maji.

Akaona nimelegea, akasogea. "Sikiliza. Huyu ni mjukuu wako. Ulimlilia mjukuu miaka sita. Wewe nyamaza tu, na kila Jumatano nitakuletea ukae naye. Mke wangu mwache akae kwa dada yake, atazoea. Hela zako nitarudisha kidogo kidogo."

"Atazoea nini? Jina la mwizi?"

"Majina hayaui, Mama."

Mtoto alikuwa akinitazama muda wote huo. Akachagua chipsi moja ndefu kwenye kiboksi chake, akaichovya kwenye mchuzi, akaninyooshea.

"Bibi, hii haina pilipili."

Vidole vyake vilikuwa vimepakaa mafuta mpaka kwenye kucha. Chipsi yenyewe imelegea, imepinda kama mnyoo. Nami nikafungua mdomo nikaila. Ilikuwa imeshapoa na ina ladha ya mafuta yaliyochoka. Nikaimeza yote, na nikasikia tumbo langu la kibibi linafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonitia kinyaa kuliko sakafu, kuliko nzi, kuliko mwanangu. Kwani kwa muda wa chipsi moja nilikuwa nimeshakubali.

Mwanangu akaliona. Akatabasamu, akasukuma kiboksi kuja kwangu. "Unaona?"

Simu yangu ikaita mfukoni. Mkamwana.

"Usipokee," mwanangu akasema.

Nikapokea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo Jumatano. Nimekwenda kliniki kukushika mguu, wamesema hukufika. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi afadhali." Akavuta pumzi. Nyuma yake nilisikia watu wanahama na vitu, kitu kizito kinaburutwa. "Mama, ile drayari yangu ya kusimama, ya kukaushia nywele za wateja, nimeiuza. Wanunuzi ndio wanaitoa sasa hivi. Hela nimeziweka kwenye akaunti yako, zile mara kumi na moja zote. Kuku wako sikumla. Lakini sitaki mtu aseme nimekaa kwenu nikala cha mzee. Sasa hunidai. Naomba kurudi nyumbani kwangu."

Hapo hapo simu ya mwanangu ikalia juu ya meza. Namba yake ndiyo tuliyoandikisha benki, kwa vile mimi herufi ndogo sizioni. Akauangalia ujumbe wa hela iliyoingia, akausoma, akaigeuza simu kifudifudi. Kisha akaniangalia na kutikisa kichwa polepole, hapana, na kidole chake chenye mchuzi akakiweka mdomoni.

"Mama?" mkamwana akasema. "Upo? Au bado umenikasirikia?"

Miezi mitatu kwenye benchi la kliniki, mkamwana ndiye aliyenifundisha vitufe vya simu ile, kimoja kimoja. Nikabonyeza cha spika. Nikailaza simu mezani, kwenye sinia, katikati ya mifupa.

"Rudia, mwanangu," nikamwambia. "Hayo uliyosema, yarudie yote. Kuna mtu hapa nataka ayasikie kwa sauti yako."

Mwanangu akaikimbilia simu. Nikaweka fimbo juu ya mkono wake, nikaikandamiza.

Wakati huo mtoto alikuwa amemaliza kipaja chake cha kwanza. Akamtazama mwanangu, akatazama mabawa yaliyobaki, akauliza kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona.

"Baba, mbona huli?"

Upande wa pili kile kitu kizito kikaacha kuburutwa. Nikasikia mkamwana akiwaambia watu wasubiri kidogo, kisha mlango ukafungwa.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Hapo uko na nani?"